Beseni la Maji na Maswali Manne

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. Si nguo za mwilini, ingawa hizo zingekuwa afadhali.

Nianzie Jumanne. Tulimpeleka mwanetu kliniki, ana wiki saba. Nesi akampima uzito, akasema yuko vizuri, kisha akatuambia Jumanne ijayo tumlete atahiriwe. Nikauliza kwa nini. Akanihesabia: usafi, magonjwa ya njia ya mkojo, Ukimwi akiwa mkubwa, kansa. Nikasema kama Ukimwi ni habari ya ukubwani, si tungoje akue aamue mwenyewe? Akaniangalia, akaangalia foleni nyuma yangu.

"Baba, wenzako wanaleta tu."

Jibu hilo halikushuka. Mimi nilitahiriwa nikiwa na miaka kumi na moja, likizo ya Desemba, pamoja na binamu zangu. Tuliambiwa ni usafi, tukapewa supu. Sikuuliza (supu ilikuwa nzuri). Lakini huyu ni mwanangu, mdomo wa kuuliza hana, na kikishakatwa hakirudi. Nikanunua daftari. Siku tatu nimesoma kwenye simu kama mtu mwenye mtihani, nikaandika maswali manne. Sikuwa nabisha, nilitaka kujua. Kama sababu ipo nieleweshwe, nitampeleka mwenyewe.

Sasa, huku kwetu Moshi wengi hatusemi kutahiri. Tunasema kutairi. Kumbukeni hilo.

Leo asubuhi baba mkwe, anayeishi juu huko Kibosho, akanitumia ujumbe: "Nakuja na fundi. Tumalize tairi ya mtoto leo."

Jumanne yenyewe haijafika, mzee ameshatafuta mtu wake. Tena si daktari. Fundi.

Wakafika saa nne. Baba mkwe na lile koti lake la enzi za kupandisha watalii mlimani. Mama mkwe na sufuria ya mtori, ile supu ya ndizi ya aliyejifungua, kwa binti yake, mke wangu Haika. Na fundi, mwanaume wa makamo mwenye mfuko wa turubai na kucha nyeusi tii. (Kucha zile niliziona kabla ya uso wake.)

Shikamoo zikaisha. Fundi akaomba beseni la maji na kipande cha sabuni, akafungua mfuko, akatoa mkasi. Mimi nikaenda kusimama kwenye mlango wa chumba alicholala mtoto. Nikamuuliza fundi kwa upole kama kweli kuna ulazima.

"Upo," akasema. "Pale mbele pamezidi. Nakata kidogo tu."

"Ukipaacha palivyo?"

"Uchafu utakuwa unaingia. Baadaye itawasumbua."

"Kuosha kwa maji na sabuni hakutoshi?"

"Maji na sabuni ni ya kuangalia panapovuja tu, bosi."

Hapo nikaamini kabisa kwamba tumeletewa muuaji. Nikatoa daftari mfukoni, nikamwambia mkasi huo hautatumika kabla hajanijibu. Nikasoma swali la kwanza, la magonjwa ya mkojo. Fundi akamwangalia baba mkwe. Nikasoma la pili, la Ukimwi na umri. Baba mkwe akaangalia sakafu. Ningekuwa na akili ningeishia hapo (sina).

"Swali la tatu. Kama govi halina kazi, mbona kila mtoto wa kiume anazaliwa nalo?"

Nilisema govi. Mbele ya mama mkwe. Kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

Mama mkwe akafunua sufuria akaanza kukoroga mtori uliokwisha kuiva. Haika akajifunika kanga uso mzima. Fundi akautazama mkasi, akanitazama mimi, akasema taratibu:

"Bosi, mimi ni wa pancha."

Akanyoosha kidole barazani. Pale kilikuwa kigari cha mtoto cha magurudumu matatu, yale ya kujazwa upepo. Baba mkwe aliachiwa na mtalii wake mmoja zamani, akakitunza stoo akisubiri mjukuu, na leo walikuja nacho mimi nikiangalia kucha. Tairi la mbele lilikuwa limechanika, kipande cha mpira kinaning'inia.

Nilikaa chini. Nilitamani kuhamia Kahe, kule tambarare, nikalime mpunga nisijulikane.

Fundi akaziba pancha yake. Ndipo baba mkwe akavua kofia.

"Mimi nilikatwa nina miaka kumi na miwili," akasema. "Sababu sikuambiwa, na mimi sikumwambia mtu. Hebu lisome tena hilo la tatu."

Nikalisoma, safari hii kwa sauti ndogo. Kisha akasema Jumanne tunakwenda kliniki wote na daftari letu, foleni itatungoja, na mtoto haguswi mpaka tujibiwe tukaelewa. Mama mkwe akaitikia bila kugeuka. Nusura nilie, jamani, na aibu yangu yote ile.

Kigari kinatembea vizuri. Naombeni msinicheke. Ila mwenye jibu la swali la tatu aliandike hapa chini, maana hata fundi ameacha namba yake, anasubiri.