Farasi Mweupe na Kifua cha Kushoto

Jumatatu, 28 Aprili 1975

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Februari sijakugusa. Sikuwa mgonjwa, wala si uvivu. Nilikuwa nimemnunia kila mtu mjini, na niliona si haki wewe upone peke yako. Leo nimekufungua kwa sababu kuna jambo.

Jumba la Utamaduni limebandika tangazo. Tarehe 8 Mei, mkesha wa sikukuu ya miaka thelathini ya Ushindi dhidi ya Ujerumani, kutakuwa na mashindano ya chemsha bongo: makamanda wa vita na nishani zao. Tangazo lenyewe lina makosa mawili ya tahajia. Nimeyasahihisha kwa wino mwekundu. Hakuna aliyenishukuru.

Zawadi: wiki tatu katika nyumba ya mapumziko kwenye Bahari Nyeusi. Watu wawili, pamoja na tiketi za treni.

Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Taisia Rodionovna wa chumba cha mkabala. Mjane, mwokaji wa kiwanda cha mikate. Hajawahi kuona bahari, na magoti yake, kwa maneno yake mwenyewe, yamebakiwa na safari moja ya maana. Jioni nikamkuta katika jiko letu la pamoja, nikamwambia ajishonee gauni la pwani. Akauliza kama nimekwisha kushinda. Nikamjibu kwamba ni suala la tarehe tu. Akacheka. Akasema haya, Mwalimu, kitambaa nitanunua, lakini nikibaki na gauni bila bahari, gauni hilo utalivaa wewe.

Nadhani ananipenda.

Jumatano, 30 Aprili

Habari mbaya. Kolpakov amejiandikisha.

Gleb Yevseyevich Kolpakov, jirani yetu, daktari wa meno mstaafu. Maisha yake yote alizungumza na watu waliofungwa vinywa kwa vyuma vyake, na mpaka leo hajazoea kujibiwa. Alipigana, sikatai. Ana nishani ya Nyota Nyekundu, ana ya Utukufu, na kila sikukuu hupita mtaani akilia kama droo ya vijiko. Mimi nilikuwa kwenye ghala la mikate, nyuma kabisa ya mstari wa mbele. Nina medali ya Ushindi dhidi ya Ujerumani, ambayo walipewa mamilioni. Lakini kuvaa ni jambo moja na kujua ni jambo lingine. Ng'ombe naye huvaa kengele.

Asubuhi alikuja jikoni kwetu, akamuuliza Taisia kama anaipenda bahari. Taisia akajibu kwamba yeye na bahari hawajawahi kujulishana. Kolpakov akasema basi yeye atawajulisha. Wakacheka wote wawili. Yai langu lilichemka mpaka likawa jiwe.

Mpango wa kwanza: mwamuzi. Ni Kanali mstaafu Mstislav Ignatyevich, mtu mnyofu, kwa hiyo anahitaji kusaidiwa. Nilimpelekea samaki wa moshi, wamefungwa vizuri ndani ya gazeti. Alinishukuru, akanikaribisha mezani. Mezani alikuwa Kolpakov, ambaye alikuwa ameleta bia.

Tulikula samaki wangu sote watatu. Kanali alisema rushwa zote mbili ni tamu, zinakwenda pamoja, na hazitamsaidia mtu yeyote.

Ijumaa, 2 Mei

Mpango wa pili: kumpotosha adui. Ndivyo walivyofanya makamanda wakubwa. Huonyesha jeshi huku, hupiga kule.

Katika bafu la mvuke nilikaa karibu na Kolpakov, nikamwambia mtu wa upande wangu wa pili kwa sauti kwamba kwenye Gwaride la Ushindi, mwaka 1945, Marshali Rokossovsky alipanda farasi mweupe na Marshali Zhukov alipanda mweusi. Kila mtoto wa shule anajua kwamba ilikuwa kinyume: Zhukov mweupe, Rokossovsky mweusi. Lakini Kolpakov si mtoto wa shule. Akatega sikio. Akaniuliza, Mwalimu, una hakika na huyo farasi? Nikamwambia nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

Uongo ukisemwa mara moja ni uvumi. Ukirudiwa, ni elimu. Kwa hiyo nimeurudia kwenye foleni ya siagi, kwa kinyozi, kwenye ngazi, na jikoni mara mbili. Taisia amesema farasi huyo amemchosha, yeye haendi baharini kwa farasi.

Jumapili, 4 Mei

Imetangazwa raundi ya mwisho. Kila mshindani atavaa koti tupu jukwaani na kujibandika nishani za bandia kama zinavyovaliwa na marshali. Alama za raundi hiyo ni nyingi kuliko za maswali yote.

Mpango wa tatu, ulio bora kuliko yote: mazoezi.

Nimekata nishani kutoka kwenye vifuniko vya makopo ya samaki. Nimechukua picha ya marshali kutoka gazetini, nimeibandika pembeni ya kioo cha kabati. Kisha nikavaa koti na kujibandika moja baada ya nyingine, mpaka mtu wa kwenye kioo akafanana na mtu wa kwenye picha, nyota kwa nyota. Nyota ya Dhahabu ya picha iko upande wa dirisha. Ya kioo nayo iko upande wa dirisha. Nishani ya Suvorov ya picha iko upande wa mlango. Ya kioo hali kadhalika. Kufikia saa kumi niliweza kufanya hivyo nikiwa nimefumba macho.

Taisia akaniletea pai ya kabichi. Akanitazama kwa muda. Akasema, Mwalimu, mbona kama umevaa kinyumenyume? Kolpakov ile Nyota Nyekundu yake huiweka huku. Akagusa kifua chake upande wa kulia.

Nikamweleza kwa upole kwamba daktari wa meno ameizoea dunia akiwa amesimama mbele ya midomo ya watu, hajui kulia wala kushoto. Atazame picha. Atazame kioo. Vinafanana, havifanani? Akakiri kwamba vinafanana. Nikasema, basi. Akasema haya, mimi mwenzio ni mtu wa unga tu.

Pai ilikuwa nzuri. Chumvi ilizidi kidogo. Nilimwambia.

Jumanne, 6 Mei

Kolpakov yuko maktaba.

Ni kwa sababu ya farasi wangu. Alikwenda kuhakikisha rangi yake, akaikuta, akaona kwamba kumbe kusoma hakuumi, akabaki. Sasa amekwisha kumaliza rafu nzima. Mtu ambaye juzi hakuweza kumtofautisha Suvorov na Kutuzov, majemadari wa kale, leo anayasoma madaraja ya nishani kama mtu anayehesabu magego.

Tulikutana kwenye ngazi. Akanishika mkono akasema asante sana, Mwalimu wangu, bila yule farasi wako ningekuwa bado nimelala. Nilimtazama usoni kuona kama ananidhihaki. Meno yake ni ya bandia. Hayasomeki.

Gauni la Taisia limekamilika. La buluu, vifungo vyeupe. Amelitundika kwenye mlango wa jiko ili mikunjo ishuke, na kila anayeingia anapita chini ya mkono wa gauni hilo. Nililitazama mpaka uji ukaungua. Jirani mmoja akauliza kuna harufu gani. Nikasema ni uji wa mtu mwingine.

Alhamisi, 8 Mei

Ukumbi ulijaa. Mkono wangu mzito leo, nitaandika kwa ufupi.

Nilianza vizuri kupita kiasi. Kanali aliuliza uso ulio kwenye nishani ya Aleksandr Nevsky ni wa nani. Watu wakasema, si wa Nevsky? Mimi nikasimama, nikaeleza kwamba mwana wa mfalme huyo hakuchorwa na mtu yeyote enzi za uhai wake, kwa hiyo msanii alichukua sura ya mwigizaji aliyemwigiza katika filamu. Makofi. Taisia, safu ya tatu, ndani ya gauni la buluu, alipiga makofi juu ya kichwa chake.

Kolpakov naye alijibu. Sitaki kuandika alijibu nini.

Swali la mwisho likanifikia mimi. Kanali: Marshali Rokossovsky aliliongoza gwaride akiwa juu ya farasi wa rangi gani?

Mweupe, nikasema.

Ulimi nilikuwa nimeufunza kwa wiki nzima, nao ukaenda palepale nilipoufunza kwenda. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikifika mwisho wa ukumbi na kurudi. Kolpakov akasema mweusi, kisha akaniinamia kwa heshima, kama anayemwinamia mwalimu wake.

Haidhuru. Ilibaki raundi ya makoti. Nikafumba macho, nikajibandika nishani zote bila kusita, nikamaliza Kolpakov akiwa bado anahangaika na pini. Nikageukia ukumbi.

Mzee mmoja aliyekuwa askari wa mizinga, safu ya mbele, akauliza: "Jamani, huyu ni marshali wa nchi gani?"

Nilidhani ni sifa. Lakini kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma kama maji ya mafuriko. Kanali akaja, akanizunguka polepole, akasema: "Ndugu Mwalimu, umemvalisha vizuri sana yule mtu wa kwenye kioo. Sasa wewe mwenyewe utavaa lini?"

Nyota ya Dhahabu kulia. Suvorov kushoto. Kila kitu, kwa usahihi mkubwa, upande usiokuwa wake.

Nilieleza kwamba kosa ni la ukumbi, kwa kuwa umekaa ukinikabili. Maelezo hayakupokewa. Kolpakov amepewa hati ya safari ndani ya bahasha yenye utepe.

Taisia hakucheka. Ningependa angecheka.

Jumamosi, 10 Mei

Jana ilikuwa sikukuu. Sikutoka. Niliwatazama dirishani wakipita na nishani zao, kila mmoja amevaa vilevile, kwa ukaidi.

Leo nimeandika rufaa kwa kamati ya chama cha wafanyakazi ya mkoa. Hoja yangu haina tundu: kanuni za mashindano zilisema "kulia" na "kushoto" bila kutaja kulia kwa nani. Lugha legevu huzaa hukumu legevu. Nimeituma kwa rejista.

Alasiri akabisha Kolpakov. Chupa mkononi, kofia kwapani. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema sikiliza, Mwalimu. Moyo wangu hautaki joto, daktari kanikataza. Na Bahari Nyeusi niliiona mwaka arobaini na nne, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye matope, sina kiu nayo tena. Chukua hati. Mpeleke yule mama akaoshe magoti. Mimi nataka kitu kimoja tu: kesho, jikoni, mbele ya watu, uinue glasi useme nimeshindwa. Tunywe, yaishe. Mimi na wewe tutaendelea kuwa majirani mpaka tuzikwe.

Nilimuuliza ametumwa na nani. Akasema hakutumwa.

Nikaelewa mara moja. Ameisikia rufaa. Anaogopa. Mtu aliyeshinda kwa haki haji na chupa. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi.

Akanitazama sana. Akasema "masikini wewe," akaondoka na chupa yake.

Jumapili, 11 Mei

Walikuwepo wote. Vyumba vyote sita, jiko zima. Mtu alikuwa amekata matango, mtu amekaanga viazi. Kolpakov akamimina. Hati ya safari ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kikopo cha chumvi.

Taisia alisimama karibu na jiko la gesi ndani ya gauni la buluu, gauni jipya, katika moshi wa vitunguu. Hakuniita Mwalimu. Akaniita kwa jina langu na la baba yangu, kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko wawili tu. Akasema: "Porfiri Savelyevich, ni neno moja. Liseme, twende zetu."

Niliishika glasi. Nilifungua kinywa. Shajara, naapa nilikifungua.

Nikamwambia kwamba hilo si neno tu. "Nimeshindwa" ni sentensi kamili: ina nafsi, ina wakati, ina kitenzi. Na mtu mwenye elimu hawezi kutamka sentensi asiyokubaliana na maana yake.

Viazi viliendelea kulia kwenye kikaango. Taisia akaweka glasi yake mezani, taratibu, bila kunywa. Akasema: "Basi."

Hilo nalo ni neno moja. Sikumwambia.

Jumatano, 14 Mei

Taisia amesafiri asubuhi kwa treni ya kusini. Kolpakov alimpa hati yote, nafasi zote mbili, naye akamchukua rafiki yake wa kiwanda cha mikate, mwanamke mnene aliyebeba kuku mzima wa kukaanga ndani ya karatasi.

Sanduku nililibeba mimi hadi stesheni. Njia nzima nilimweleza hoja za rufaa, ya kwanza hadi ya saba. Alisikiliza. Kwenye hoja ya tano aliniomba tupumzike, kwa ajili ya magoti. Nilitumia nafasi hiyo kuirudia ya nne, ambayo ni ngumu.

Treni ilipoanza kusogea alishusha kioo cha dirisha. Akasema: "Anwani unayo. Ukiwa na la kuniambia, niandikie. Lolote. Hata mistari miwili."

Nikamwahidi.

Nimekaa mezani tangu nilipotoka stesheni. Karatasi nzuri, kalamu nzuri, anwani tayari juu ya bahasha. Lakini kumwandikia nini sasa, wakati hakuna kilichoamuliwa? Itakuwa barua isiyo na msingi. Kolpakov amepita mlangoni mara mbili akiuliza kama nimekula, na kila mara nimegeuza karatasi asione kwamba ni tupu. Mjanja yule. Anapeleleza.

Nimepiga simu mkoani. Mama mmoja amenijibu kwamba rufaa imefika na kwamba kamati hukutana Septemba. Wiki tatu za mapumziko zitakwisha mapema Juni. Haidhuru. Haki haina haraka, na bahari haihami. Siku uamuzi utakapotoka, siku hiyohiyo nitamwandikia.