Supu ya Mwani Marufuku Hadi Jumapili

Jumatatu, 4 Machi

Tano na nusu! Tena! Mwanangu Gyeong-tae, fundi wa kuchomelea aliyeziba matumbo ya meli mia hapa Ulsan bila hata moja kuvuja, amepewa tano na nusu katika kuzungumza Kiingereza. Wakanada wanataka sita kila sehemu ya mtihani, la sivyo hakuna ukaazi wa kudumu. Kusoma anayo. Kuandika anayo. Kusikiliza amezidisha. Kuzungumza, nusu pungufu. Nauliza: huko Kanada ataunganisha chuma au atahutubia bunge?

Amebakiwa na mtihani mmoja, Jumamosi hii. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Na Jumamosi hiyohiyo anatimiza miaka thelathini na miwili!

Hamamuni, tunakooga wanawake wa mtaa, nimekutana na Mama In-pyo wa ghorofa ya chini. In-pyo wake alipata ukaazi mwaka juzi, na tangu siku hiyo jengo zima halijapumua. Kanisugua mgongo huku ananipa pole. Pole yenye meno. Eti, "Mama Gyeong-tae, usijali, si kila mtoto kajaliwa ulimi." Nami nikamsugua wake. Kwa nguvu.

Jumanne, 5 Machi

Kosa limejulikana. Gyeong-tae kasimulia kwamba mtahini alimwuliza kazi gani anaiweza vizuri. Kajibu: hapana, bado najifunza. Basi! Macho chini, kimya. Nilitaka kulia kwa fahari. Huyo ndiye niliyemlea: mbele ya mkubwa maneno machache, wala hajisifu. Kumbe adabu yangu ndiyo inayokatwa alama!

Nimemwandikia maneno ya kujisifu, kurasa tatu. Baba yake kasema katika hilo hakuna wa kunipita. Gyeong-tae kasoma, masikio yakamwiva, kasema hawezi kumwambia hayo mtu aliye hai.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoa amri. Hakuna mwani nyumba hii mpaka Jumapili. Mwani unateleza, na anayeula kabla ya mtihani huteleza nao. Hata chekechea wanajua. Ndiyo, ni siku yake ya kuzaliwa. Ndiyo, bila supu ya mwani mtu hajazaliwa. Mimi mwenyewe niliinywa wiki tatu nilipomzaa. Atangoja. Neno "kuanguka" nalo marufuku. Jioni baba yake kaanguka na baiskeli, kaingia goti likivuja damu, kasema ameshuka ghafla. Mume mzuri.

Mama In-pyo kapanda na furushi la mwani mkavu. Zawadi! Anaijua tarehe ya mtihani kama ninavyoijua mimi! Nimepokea kwa mikono miwili, nikatabasamu, nikaufungia kabatini kwa kufuli.

Jumamosi, 9 Machi

Gyeong-tae katoka mapema, kakataa wali wangu, kasema tumbo limejaa. Woga, maskini.

Nikamfuata kwa basi la pili na bonge la peremende ya mchele, ile inayonata kama ulimbo. Mama yeyote mwenye akili huibandika langoni ili mtoto anate kwenye ushindi. Jengo la mtihani halina lango! Vioo vitupu, mlango unajifungua wenyewe. Nikaibandika kwenye kitasa cha mlango wa pembeni. Ningejuaje kwamba ndimo wanamopita watahini?

Mwanamke mmoja wa Kizungu, mrefu, akashika kitasa. Akabaki hapo. Akaleta mkono wa pili kuusaidia wa kwanza, ukabaki nao. Bawabu kanidaka mkono wa koti, anafoka kwamba nimeharibu jengo la watu. Nikamwuliza, wewe kijana, mama yako hakukubandikia? Ndiyo maana uko hapa mlangoni!

Gyeong-tae akatokea. Akamwinamia yule mwanamke, akainama tena, kisha akafungua kinywa. Kiingereza! Dakika kumi! Alininyooshea kidole mimi, akaunyooshea mlango, akajishika kichwa, akaendelea. Neno "mama" nalijua kwa Kiingereza; nimelihesabu mara tisa. Alikuwa ananisifu. Yule mwanamke akacheka mpaka machozi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Bawabu kaleta maji ya moto.

Baadaye Gyeong-tae kaingia chumba cha kuzungumza. Nani kakaa mbele yake? Yuleyule!

Alhamisi, 14 Machi

Sita na nusu! Na kwingine kote sita kwenda juu!

Nilishuka kwa Mama In-pyo nikiwa na ndara mguu mmoja. Kapiga makofi kweli, kanikumbatia, kisha kanichoma: Jumamosi alfajiri Gyeong-tae alikula kwake mabakuli mawili ya supu ya mwani. Eti mtoto hakosi supu ya siku yake kwa sababu mama yake kapandwa na wazimu.

Gyeong-tae kakiri. Kaongeza kwamba pale mlangoni hakuwa anamsifu mtu. Alikuwa anaungua kwa aibu na hasira mpaka akasahau kuogopa.

Jioni nimefungua kabati, nimepika mwani wa Mama In-pyo, sufuria nzima. Kala. Kanada sijui nani atampikia. Nimefikiri sana nikimtazama, na jambo liko wazi. Mabakuli mawili ya utelezi tumboni, na bado kapita! Peremende ile ina nguvu kiasi gani!

Wiki ijayo anapimwa afya kwa ajili ya Wakanada. Kaniomba, kapiga magoti kabisa, nisisogee karibu. Nimeahidi.

Nimenunua mabonge mawili. Hospitali ile ina milango miwili.