Viboko Hamsini

Mwaka wa 1998 Zedekiah Aloo aligundua jambo lililomsisimua mwili mzima: anwani ya imeli ilikuwa bure. Alilipata kwa msichana wa chumba kimoja cha intaneti mjini, alikokuwa ameingia kujikinga na mvua.

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa."

Mtu wa kawaida angejichukulia yake akaenda zake. Zedekiah aliketi akamfikiria kila mtu wa mtaa wake wa Kaloleni, Nairobi, ambaye bado hajasikia.

Wiki iliyofuata alikuwa na kadi. Mchoraji mmoja wa Muthurwa, aliyezoea mabango ya vinyozi, alimtengenezea nembo ya dunia inayozungukwa na radi. Dunia ilitoka na njia ya nywele upande wa kushoto, lakini Zedekiah alishikilia kwamba huo ndio usanifu wa kisasa. Chini yake palikuwa na maneno: *Sanduku la Hewani, Tawi la Kaloleni*. Tawi lingine halikuwapo popote duniani, ila hakuna aliyeuliza.

Wachinjaji wa soko la Burma walijiandikisha kwa kugombania nafasi, kila mmoja akitaka awe hewani kabla ya jirani yake. Walilipa ada ya mwaka, na barua ikifika wangelipa ada ya kuishusha. Mzee Nzau, mchonga vinyago aliyefanyia kazi nyuma ya ukumbi wa mtaa, alilipa pia. Alitaka wateja wa Ulaya.

Miezi mitatu ikapita.

"Zedi, kijana wangu, barua zangu ziko wapi?"

"Mzee, anga la Nairobi limejaa. Vumilia."

Binti yake Nzau, Mutheu, alikuwa karani katika ofisi moja ya usafirishaji mizigo, na mezani pake palikuwa na kompyuta. Jioni moja aliikuta ile kadi kwenye mfuko wa koti la baba. Aliigeuza, akaona nyuma yake anwani ya imeli ya baba, akaitazama tena ile dunia iliyochana nywele, akacheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, ni kitu gani umechonga kikakataa kabisa kununuliwa?"

Nzau hakuhitaji kufikiri. "Viboko. Hamsini. Duka la watalii limewarudisha. Eti wanafanana na mbwa wanaocheka."

Siku tatu baadaye, Zedekiah alikuwa mjini akisoma barua za wateja wake, kazi aliyoifanya kwa moyo mmoja kwa ajili ya usalama wao. Katika sanduku la Nzau alikuta barua ya Kiingereza kutoka kwa Bwana Knud wa Kopenhageni, Denmark. Bwana Knud alitaka viboko wa mbao, tena wenye kucheka. Alitaka hamsini, wote kutoka kwa mtu mmoja. Bei aliyotaja ilimfanya Zedekiah aisome mara ya pili huku akiiziba skrini kwa mkono. Angefikia hoteli fulani ya mjini, tarehe kumi na nne.

Mtu mwaminifu angempelekea mzee barua yake. Zedekiah aliijibu kwa jina la "meneja wa kampuni", akaifuta, akaelekea Kaloleni akipiga mluzi.

"Mzee, nimewaonea huruma hawa viboko wako. Wananyeshewa. Nitawachukua wote."

Nzau akashika shavu. "Hawa ni kama watoto wangu."

"Nitakupa bei nzuri."

"Watoto, Zedi?"

Kila alipopandisha bei, mzee alimpapasa kiboko mmoja kichwani na kuhema. Mwishowe Zedekiah aliuza televisheni, akauza makochi, akauza na ile suti ya harusi, akabaki na tai peke yake. Mkokoteni ulipeleka viboko hamsini katika chumba chake kimoja. Walipanda hadi dirishani, wote wakicheka.

Tarehe kumi na nne, tai shingoni, alijitokeza hotelini. Mhudumu wa mapokezi alipekua daftari mara mbili. Hapakuwa na Knud. Zedekiah aliagiza chai, akasubiri, akaagiza nyingine, mpaka wakamletea bili bila kuombwa. Alikwenda kwenye intaneti akaandika barua nne, ya mwisho ikiwa na neno "tafadhali" mara sita.

Aliporudi mtaani, Mutheu alikuwa bombani akijaza ndoo.

"Niaje, Zedi. Umevaa tai."

"Nilikuwa na mkutano." Hata katika majonzi, biashara ni biashara. "Na wewe, dada, bado huna anwani ya imeli? Mtu wa ofisi kama wewe?"

"Ninazo mbili." Mutheu alifunga bomba. "Moja yangu. Nyingine ya Mzungu fulani wa Kopenhageni."

Zedekiah alitaka kukasirika. Akajaribu hata kukunja uso. Lakini polisi angewaambia nini? Kwamba alisoma barua ya mtu na ikawa ya uongo?

"Barua zangu nne ulizisoma?" aliuliza mwishowe.

"Ofisi nzima ilizisoma."

Kisha, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake, akasema kwa sauti ya chini: "Kopenhageni uliitoa wapi?"

"Imeandikwa kwenye mkebe wa biskuti, ule mama anaowekea nyuzi."

"Na Knud?"

Mutheu alijitwika ndoo. "Nilifumba macho nikabonyeza herufi nne."