Mpiga Picha Asiyeonekana

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimezaliwa upya! Miaka kumi na tisa nimepiga picha za pasipoti kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kitambaa cha buluu, kigoda, taa mbili. Kaa wima, kidevu juu kidogo, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Sidhani kuna mtu mtaa huu ambaye sijamwambia maneno hayo. Kipaji kama changu, kinaozea nyuma ya kigoda.

Sasa basi. Maktaba ya jiji inaandaa maonyesho ya picha: "Mji Wetu Ulivyo." Mwisho wa kupeleka ni Jumatatu ijayo. Nimesoma kwenye jarida kuukuu kwamba wapiga picha wakubwa huvaa kama watu wa mahali wanapopigia, wakajichanganya nao, kisha wakawapiga bila wao kujua. Picha za kuvizia! Kwenye jengo unakuwa mjenzi, kwenye gereji unakuwa fundi. Rahisi kuliko kunywa maji.

Mke wangu ana lake. Mama yake anahamia kwetu na anahitaji chumba, na chumba chenyewe ni studio yangu. Nimemwomba asubiri. Tumekubaliana hivi: mama atafika siku ya ufunguzi wa maonyesho, ataona kwa macho yake kama hii yangu ni kazi au mchezo, na atakaloamua ndilo. Nimekubali bila kupepesa macho. Namhurumia mama mkwe, atabanana na watoto.

Jumanne, 7 Mei

Sokoni, kama mchukuzi. Koti la buluu lililochanika kwapani, kofia mpaka kwenye nyusi, kamera ndani ya boksi la sabuni lenye tundu. Mke wangu akaniuliza kwa nini nimevaa viatu vya harusi. Sikuwa na vingine vya kufunga kamba.

Nimejibanza kando ya meza za nyanya. Muuza nyanya anagombana na mteja, mikono hewani, uso wote moto. Picha ya maisha! Nikainua boksi. Akageuka, akaniamkia kwa sauti, akaniuliza studio imehamia sokoni tangu lini. Kisha akarudisha kilemba nyuma, akatoa masikio, akainua kidevu. Akanyamaza kabisa. Mteja wake naye akafanya vivyo hivyo. Muuza vitunguu akaona, akafuta uso, akakaa wima. Safu nzima ya meza, watu kumi na mmoja, kimya, masikio nje.

Nimebonyeza kwa hasira tu. Halafu bibi mmoja asiyenijua kanitwika gunia la viazi mpaka barabarani. Kwa hiyo yeye angalau nilimdanganya. Ushindi.

Jumatano, 8 Mei

Kosa la jana nimeligundua: uso. Leo mfagia barabara. Barakoa, miwani, koti linalong'aa, ufagio mrefu. Hata mwanangu mdogo kanipita getini.

Msimamizi wa wafagiaji pia hakunitambua. Kanigombeza kwa kuchelewa na kunipa barabara nzima kuanzia posta hadi kituo cha mafuta. Nimefagia. Ungefanyaje? Kukataa ni kujifichua.

Saa nne nikamkaribia fundi viatu. Anacheka kitu na jirani yake, kichwa nyuma, meno yote nje, kiatu cha mtu mkononi. Nikainama nyuma ya pipa. Mwanga safi, pembe safi. Kidole tayari. Na hapo mdomo wangu, wenyewe, bila ruhusa yangu, ukasema: "Usicheke."

Fundi viatu akaacha kucheka. Akatazama pipa. Akauliza kama ni mimi. Nikazidi kuinama. Akaweka kiatu chini, akafunga vifungo vya shati mpaka juu, akamwambia jirani yake atoe kofia, masikio hayaonekani. Wakakaa bega kwa bega wakisubiri nimalize. Ningefanya nini? Nimewapiga, nikafagia mpaka kituo cha mafuta.

Ijumaa, 10 Mei

Jana nimelala kutwa, mgongo unaniuma kwa ule ufagio. Leo nimepiga moyo konde: mahali ambapo kila mtu anafanana, foleni ya ofisi ya vitambulisho! Shati la kawaida, bahasha ya kaki chini ya kwapa, kamera ndani ya bahasha. Sihitaji hata barakoa.

Nimesahau jambo moja. Kila mtu kwenye foleni ile ameshika picha niliyompiga mimi.

Wamenizunguka. Mmoja kalalamika kwamba nimemfanya afanane na marehemu babu yake. Mwingine kaja kunishukuru, kwa kuwa ndiyo picha pekee aliyo nayo inayomwonyesha akiwa ametulia. Kila nilipogusa bahasha walinyooka, foleni nzima, kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi. Mlinzi alifurahi sana. Hajawahi kuona foleni iliyonyooka vile.

Sikuweza kutoka, wangejua nilikuwa naigiza. Saa tatu nzima baadaye nikafika dirishani. Karani akaniomba picha mbili za pasipoti. Sina! Miaka kumi na tisa, sijawahi kukaa kwenye kigoda changu mwenyewe. Karani akacheka mpaka akaita wenzake.

Nje alikuwepo Lenzi Ndefu, mpiga picha wa harusi wa ng'ambo ya barabara, yule wa kizibao chenye mifuko ishirini. Mtu wa kujionyesha. Anamwendea mtu yeyote, anamsalimia, anamwomba ampige. Huo ni ufundi gani? Kajitolea kunipiga hapo hapo ukutani. Akaniambia nitulie, nisikunje uso. Mimi!

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya mwisho, na sina hata picha moja ya kuvizia. Mke wangu aliziona zile za hovyo mezani: soko zima kimya, mafundi wawili wamefunga vifungo, foleni imenyooka kama gwaride. Alizitazama muda mrefu. Akasema kila mtu humu ananitazama mimi. Nikamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe! Kazitia kwenye bahasha, kazipeleka maktaba kwa miguu yake.

Nimeanza kukunja kitambaa cha buluu.

Alhamisi, 16 Mei

Zimekubaliwa! Zote! Zitatundikwa ukuta wa kati, na Jumamosi, siku ya ufunguzi, nitaitwa mbele kupewa cheti. Barua ya maktaba inasema wameguswa na watu "wanaojipanga kwa heshima mbele ya mtu wanayemwamini." Hawajaelewa kitu, lakini sawa. Mimi najua siri: lile koti la mchukuzi. Nimekunjua kitambaa.

Lenzi Ndefu naye alipeleka zake, zimekataliwa. Nimempa pole ndefu, nikarudia mara mbili.

Mke wangu amenipigia pasi suti. Ameshika bega langu, kasema, "Jumamosi uwe wewe tu. Mama akuone."

Jumamosi, 18 Mei

Nimepata wazo kubwa kuliko yote.

Watu wote wa mji wanatazama picha zangu, wanasema ukweli wao, na hakuna anayejua kwamba anapigwa picha! Saa nane na nusu nikamwambia mke wangu atangulie, ampokee mama stendi na wapitilize maktaba. Nikanyoa ndevu. Nikavaa shati jeupe, kizibao cheusi, tai ndogo, nikaingia kwa mlango wa jikoni pamoja na wahudumu. Sinia la juisi mkono wa kushoto, kamera chini ya kitambaa mkono wa kulia. Wageni wa maktaba si watu wa mtaa wetu. Hakuna aliyenyoosha kidevu. Watu hutazama glasi, hawamtazami anayeileta. Miaka yote hii nilikuwa natafuta vazi hili!

Mkuu wa maktaba akaita jina langu. Ukumbi ukapiga makofi. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu, na hapo watu wote wakageuza vichwa wakinitafuta. Nyuso mia zinatafuta mtu! Mke wangu amesimama kwenye ncha za vidole, mkono kifuani, anatazama mlango. Picha za maisha yangu! Nimebonyeza, nimebonyeza, nimebonyeza.

Cheti kakipokea mke wangu. Lenzi Ndefu kasimama mbele ya ukuta wangu akiwaeleza wageni kwamba tunafahamiana sana.

Kisha mama mkwe akachukua glasi kwenye sinia langu. Hajaniona kwa miaka sita, na macho yake yalikuwa kwenye picha ukutani, si kwangu. Akalishika sinia nisiondoke, akasema polepole, kama mtu anayesema peke yake:

"Nilikuja na neno moja, kijana. Nimwambie mkwe wangu abaki na chumba chake, mimi nitalala na wajukuu. Picha zile nimezipenda. Lakini mtu asiyefika kwenye siku yake mwenyewe, chumba cha kazi cha nini?"

Neno moja tu, "Mama, ni mimi." Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mpiga picha wa kweli hajifichui! Nikamuuliza kama anataka na barafu.

Jumapili, 19 Mei

Kitanda cha mama mkwe kimeingia saa mbili asubuhi. Kigoda na taa ziko jikoni, kitambaa cha buluu kimefunika gunia la mkaa. Mke wangu hasemi nami. Picha zote za jana nimezitazama: thelathini na sita, za kile kitambaa cha mhudumu, kwa karibu. Kosa ni la kitambaa. Kingekuwa chepesi zaidi.

Wakati wa chai mama mkwe alikuwa anasimulia kuhusu maktaba. Amesema kulikuwa na mhudumu mmoja pale, mpole, mwenye adabu, anayesikiliza. Akashusha pumzi. Akasema laiti binti yake angeolewa na mtu kama yule.

Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka, ikabidi nijifanye nimeunguzwa na chai. Wiki ijayo nitarudi nyumbani kama fundi bomba. Hatajua kitu.