Mzimu Mwenye Msumari

Baa ya Petilia ilikuwa imepigwa lipu mpya, nyeupe kama unga, na Laberio hakuwa mtu wa kuacha ukuta mweupe ukae bure. Kesho yake mpiganaji Hilaro angepambana na mwenzake Karpo uwanjani. Pompei nzima ilikuwa na homa ya dau.

Mchana, mji ukisinzia, alikwaruza kwa msumari mbele ya baa: Hilaro ameinua tawi la ushindi, Karpo yuko chini. Akazunguka nyuma, wanapokojoa walevi, akachora kinyume chake. Mmoja lazima angeshinda. Mchoro wa uongo angeukwangua; wa kweli angeuuza.

"Mzimu wa mpiganaji aliyekufa ndiye aliyechora," alinong'ona mjini kote. "Mkono wa binadamu haukugusa hapo." Mashabiki wa Hilaro aliwaonyesha mbele, wa Karpo nyuma.

Numisio, mwoka mikate mwenye pesa nyingi kuliko akili, akaapa: "Hilaro akishinda, nautaka mchoro huo ukutani kwangu, niutazame nikila. Natoa nyumbu wangu wa kubebea unga!"

Laberio alikuwa amefukuzwa kwa miguu katika miji mingi. Nyumbu angekuwa maendeleo makubwa.

Hilaro akashinda. Umati ukamkwamisha Laberio uwanjani; alipofika baani mbio, akakuta ukuta wa mbele una tundu kubwa la mraba. Petilia alikuwa mlangoni akila dengu, kamba ya nyumbu mkononi.

"Mchoro wangu uko wapi?"

"Wako? Si wa mzimu? Mzimu hana ukuta, mwanangu. Ukuta ni wangu. Nimeukata kipande, Numisio kaondoka nacho huku analia kwa furaha."

"Mama, mimi ndiye nili..." Wateja walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Malizia basi. Wewe ndiye uliyefanya nini?"

"Niliyeuona wa kwanza."

"Hongera kwa macho. Na usihuzunike, wa nyuma nimekuachia. Jamaa wa Karpo wamepoteza madau yao kwa kuuamini, wako hukohuko wanamtafuta huyo mzimu."

"Umewaambia nini?"

"Ukweli. Uso sikuuona, nilikuwa dirishani juu. Niliona joho la kijani tu, lina vumbi la lipu begani."

Laberio akatazama bega la joho lake la kijani. Uchochoroni mtu akapiga mluzi.

Akatoka Pompei kama alivyotoka kwingine kote: kwa miguu.