Malalamiko Kuhusu Mikono Yangu Kuwekwa Mfukoni

Kwa Mkuu wa Idara ya Tiba ya Viungo,

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka huku ugenini ninakochanganya zege. Shule niliishia njiani, kwa hiyo nikikosea nivumilie, na nisipokosea nijibu.

Mimi ni baba wa yule binti mwenye mtindio wa ubongo, mnayemwita Bosi. Miguu yake hukaza. Ulimi haujawahi kukaza hata siku moja. Namlalamikia mtaalamu wenu mpya, Mama Mpira, kama ifuatavyo:

1. Mtaalamu wenu wa kwanza alikuwa mtu wa maana. Alimvuta mtoto miguu, mtoto akalia, nami nikapewa kazi: "Baba, shika hapo!" Nilishika mpaka nikasifiwa. Wa pili alileta viatu vya chuma, nikambeba mtoto na viatu vyake. Hizo ndizo zilikuwa huduma! Huyu wa tatu kaja na mpira mkubwa. Anamlaza mtoto juu yake, wanacheka, na nikinyoosha mkono kusaidia naambiwa, "Baba, mikono mfukoni. Ataweza mwenyewe."

2. Mifuko ya suruali yangu ilishatobolewa na misumari. Nilitii, nikaingiza mikono, ikatokea chini na kumdaka mtoto. Nikatolewa nje, nikakalishwa kwenye benchi kama mtoro.

3. Sheria hiyo imehamia nyumbani. Bosi akivaa kiatu, ukoo mzima tunasimama mikono mfukoni, chai inapoa. Mama mkwe, ambaye gauni lake halikuwa na mifuko, kajishonea miwili mikubwa. Sasa akiitwa kuosha vyombo anasema, "Wanangu, mtaweza wenyewe."

4. Siku ya mwisho ya likizo nilitaka kumbeba Bosi hadi getini, kama kawaida yetu. Akashika ukuta: "Baba, mfukoni!" Akanisindikiza kwa miguu yake, polepole, akisimama kusalimia kila jirani. Basi likaniacha.

Mheshimiwa, cheo changu pekee katika nyumba ile kilikuwa kumbeba yule mtoto. Huku nabeba saruji, na saruji haikushiki shingo ikakwambia kimbia. Akitembea, mimi nitarudi kufanya nini?

Kwa hiyo naomba huduma zirudishwe kama zamani. Ikishindikana, mniachie ngazi za hapo kwenu hospitalini tu. Kwenye ngazi nimbebe.

Nisalimie karani, mlinzi aliyenionea huruma pale kwenye benchi, wazazi wenzangu walionicheka, na huo mpira wenyewe.

Ni mimi niliyeonewa,
Baba Bosi, mchanganya zege

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha mke wangu kapiga simu. Bosi kapanda ngazi zote, na anasema likizo ijayo atanipokea kituoni, amesimama. Tafadhali Mama Mpira asihamishwe. Fundi cherehani wa huku amenishonea mifuko mipya ya turubai, mirefu hadi magotini, yenye vifungo. Mikono yangu naijua.