Marahaba kwenye maiki

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, jukwaani, mbele ya mwanangu.

Wengi mnanijua kama muuza misumari na bati hapa Mafiga. Ila zamani nilikuwa msanii, tena wa kuzimiwa. (Kama hukumbuki, muulize dada yako mkubwa.) Binti yangu Zuhura, yuko kidato cha tatu, aliwaambia wenzake hivyo. Wakamwita muongo. Basi nilipoombwa kuimba kwenye bonanza la vijana wa mtaani kwetu, akawaleta wote, wakapanga mstari mbele kabisa.

"Baba, leo usiniangushe," akaninong'oneza.

"Mwanangu, mimi ndiye nilikuwa naangusha majukwaa."

Mazoezi nilifanya. Wiki nzima nilikimbia alfajiri kupanda mwinuko wa Kilakala. (Siku mbili nilikimbia. Zilizobaki nilipanda bodaboda.)

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, tumbo nimelibana, miwani nyeusi usoni. Ubeti wa pili nikaingiza mzunguko wangu wa mguu mmoja, ule uliokuwa unawaliza watu. Nikazunguka mara moja. Ya pili, goti likalia kko! Pumzi ikakata.

Sikuogopa. Sisi wakongwe tuna ujanja wetu: ukichoka, unawaelekezea mashabiki maiki, wanaimba wao, wewe unapumua. Nikanyoosha mkono kwa madaha. "Malizieni!"

Kimya.

Nikawatazama vizuri. Hakuna aliyekuwa amezaliwa wimbo ule ulipotoka! Wote wananikodolea macho kwa upole, na spika zinarusha kuhema kwangu mtaa mzima. Hofu ikanishika. Zuhura kainamisha kichwa, mwenzake mmoja anamfinya. Nikaona lazima niseme kitu, chochote, mtoto asidhalilike.

"Oyaa Moro! Mambo vipi?"

Na vijana wa Morogoro, kwa malezi mema waliyopewa, wakaitika kwa sauti moja:

"Shikamoo!"

Hapo ningeweza kucheka tu. Ningeweza hata kujifanya maiki imekata. Lakini mdomo una mazoea yake.

"Marahaba," nikasema. Kwenye maiki. "Hamjambo wanangu?"

"Hatujambo!"

Mshereheshaji akaja mbio na kiti cha plastiki. "Karibu ukae, mzee wetu." Nikakaa. (Nisiwafiche, kilikuwa kitamu.) Nikamalizia wimbo nimeketi, polepole, na kiitikio nikawafundisha neno kwa neno mpaka wakakishika. Wakapiga makofi kweli, sio ya kunihurumia.

Nikateremka ngazi nikiwa nimeshikwa mkono. Yule mwenzake Zuhura, aliyekuwa mbishi kuliko wote, akatusogelea, akapiga goti kidogo, akamgeukia mwanangu.

"Zuhu, utusamehe. Tumeamini baba yako alikuwa staa."

Zuhura akatabasamu mpaka masikioni. Mimi nimebaki na hilo "alikuwa".

Kesi nimeshinda, jamani, ila kifungo nimepewa mimi.